Amelipa, mfumo wasema anadaiwa: Marejesho ya mikopo yanavyopotea njia Ziwa Mweru

NCHELENGE, Zambia

Novemba ni mwezi wa haraka kwenye soko la Kashikishi. Desemba 1 uvuvi wa biashara hufungwa upande wa Zambia mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na kila mwenye mtaji anataka magunia yake yapakiwe kuelekea Mansa, miji ya Copperbelt na mpaka wa Kasumbalesa kabla maji hayajatulia. Ndio mwezi mkopo unapotafutwa kuliko miezi mingine.

Ndio pia mwezi mfanyabiashara anapofika dirishani kwa mkopeshaji na kuambiwa mkopo mpya hauwezekani kwa sababu wa zamani haujaisha. Yeye anajua ameumaliza. Meseji za malipo zimo kwenye simu, wiki kwa wiki. Karani anageuza kioo cha kompyuta, na kwenye kioo kuna deni, faini na idadi ya siku za kuchelewa.

Hakuna aliyesema uongo. Mfanyabiashara alituma pesa na mkopeshaji aliipokea. Kilichokosekana ni mtu au programu ya kuunganisha pesa hiyo na jina lake. Wahasibu huita kazi hiyo usuluhisho wa hesabu. Kwa lugha ya sokoni ni kulinganisha vitabu viwili mpaka viseme neno moja. Kwa watu wanaonunua samaki Nchelenge na kuuza nguo, mafuta ya kula na unga ng'ambo ya ziwa, kazi hiyo ya ofisini ndiyo huamua nani atakuwa na mtaji Machi 1, uvuvi unapofunguliwa.

Vitabu vitatu, pesa moja

Zamani marejesho yalikuwa mkononi. Mkopaji alitoa noti, afisa mikopo akaandika kwenye kadi, akatia sahihi, na kila mmoja akabaki na karatasi. Leo pesa nyingi hupita kwenye simu: Airtel Money, MTN au Zamtel kwa upande wa Zambia. Safari ya kwenda ofisini imepungua, lakini vitabu vimeongezeka.

Kitabu cha kwanza ni cha kampuni ya simu, kinachoandika namba iliyotuma, kiasi, saa na namba ya muamala. Cha pili ni taarifa ya benki au pochi ya mkopeshaji, pesa inakoangukia, wakati mwingine siku hiyo hiyo na wakati mwingine kesho yake. Cha tatu ni leja ya mikopo ndani ya programu, yenye jina la mkopaji, ratiba, riba, faini na salio. Mkopaji hukiona cha kwanza tu, kupitia meseji. Mkopeshaji humhukumu kwa kitabu cha tatu.

Vitabu hivyo vikizungumza vyenyewe kwa vyenyewe, malipo ya saa nne asubuhi huonekana kwenye leja saa nne asubuhi. Penye mkopeshaji mdogo, karani hupakua orodha ya miamala kila jioni na kuitafutia wenyewe mstari kwa mstari. Hapo ndipo malipo hupotea njia. Aliyetuma hakuandika namba ya mkopo, au aliiandika akakosea tarakimu moja. Mwingine ametumia simu ya shemeji, au laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Yuko pia aliyempa wakala noti, na wakala akatuma kwa namba yake mwenyewe, hivyo leja ikaona jina la wakala ambaye hana mkopo wowote.

Pesa isiyo na mwenyewe hairudi ilikotoka. Huwekwa kwenye akaunti ya kusubiria mpaka mtu aitambue. Imo ndani ya nyumba ya mkopeshaji, lakini haijapunguza deni la mtu yeyote.

Hesabu ya K600

Ili kuona madhara yake, chukua mfano. Mfanyabiashara amekopa K5,000 na atarejesha K6,000 kwa wiki 10, yaani K600 kila wiki. Faini ya kuchelewa ni asilimia 5 ya kiasi kilichochelewa, na hupigwa kila siku ya marejesho inapopita.

Wiki tatu za kwanza zinakwenda sawa. Wiki ya nne anatuma K600 kwa simu ya ndugu yake bila namba ya mkopo. Pesa inafika na kukaa kwenye akaunti ya kusubiria. Leja inaona wiki ya nne haijalipwa, inaongeza faini ya K30.

Wiki ya tano anatuma K600 kwa simu yake, na safari hii yanaonekana. Lakini programu haiyapeleki kwenye wiki ya tano. Programu nyingi za mikopo hupangwa zifuate mfuatano huu: faini kwanza, kisha ada, kisha riba, mwisho mtaji, na deni la zamani kabla ya jipya. K30 zinaliwa na faini, K570 zinakwenda wiki ya nne. Wiki ya nne inabaki na pengo la K30 na wiki ya tano nzima haijaguswa. Kilichochelewa sasa ni K630, na faini mpya ni K31.50.

Wiki ya sita analipa K600 tena, siku ile ile inayotakiwa. K31.50 zinakwenda kwenye faini, K568.50 zinaziba deni la nyuma, na zinabaki K61.50. Ongeza K600 za wiki ya sita, jumla ya kilichochelewa ni K661.50. Faini ya tatu ni K33.08.

Mtu huyu hajakosa hata wiki moja, lakini leja inamdai K694.58. Kati ya hizo, K600 ni pesa yake mwenyewe iliyokaa kwa mkopeshaji bila jina, na K94.58 ni faini zilizozaliwa na kosa hilo. Kila wiki inayopita, faini inazidi kupanda.

Kosa likigunduliwa, namna ya kulisahihisha nayo ina uzito. Karani akiingiza zile K600 kwa tarehe ya leo, deni linapungua lakini faini za K94.58 zinabaki, na historia ya mkopaji inaendelea kuonyesha kuwa alichelewa wiki tatu. Akiziingiza kwa tarehe ambayo pesa ilipokelewa kweli, programu inakokotoa upya, faini zinafutika na historia inakuwa safi. Programu nzuri huruhusu marekebisho ya namna hiyo na kuweka kumbukumbu ya nani aliyafanya na lini. Kwa hiyo anayedai haki yake asiishie kuuliza kama pesa imeonekana. Aulize pia imeingizwa kwa tarehe gani.

Pesa inayovuka maji

Ziwa Mweru lina jambo la ziada, nalo ni mpaka. Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia ingawa kimekaa karibu na ufuko wa Kongo, na ng'ambo yake, upande wa Kongo, uko mji wenye jina hilo hilo la Kilwa. Kaskazini iko Pweto, mto Luvua unapotokea ziwani. Boti huenda na kurudi kati ya pwani hizi, Kibemba kikikutana na Kiswahili cha Katanga. Kiswahili kinasikika pia Mantapala, makazi ya wakimbizi kutoka Kongo yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018.

Mfanyabiashara aliyeko Pweto siku ya marejesho ana shida mbili. Ya kwanza ni pochi. Laini ya Zambia na laini ya Kongo, hata zikiwa za kampuni yenye jina moja kama Airtel, ni pochi mbili zilizo chini ya benki kuu mbili. Aliyeuza mzigo na kulipwa kwa M-Pesa ya Vodacom au Orange Money upande wa Kongo hawezi kudhani kuwa pesa hiyo itaingia moja kwa moja kwenye mkopo wake wa Nchelenge. Kwa kawaida humpigia ndugu au mteja wa upande wa pili amlipie, wao wakasuluhishana baadaye. Ndivyo jina geni linavyoingia kwenye orodha ya karani.

Shida ya pili ni sarafu. Kongo hutumia faranga na dola bega kwa bega, mkopo wa Nchelenge uko kwa kwacha. Aliyekadiria kuwa dola alizompa mtu zitatoa K600 anaweza kukuta zimetoa K585, kwa sababu bei ya siku ile ilikuwa nyingine au ada ya kutolea ilikatwa. K15 zinaonekana ni kitu kidogo. Lakini programu huhesabu siku za kuchelewa kuanzia siku ambayo rejesho halikukamilika, na haijali kama kilichopungua ni K15 au K500. Kwa kipimo kinachotumiwa na taasisi nyingi za mikopo midogo, rejesho likibaki na pengo kwa zaidi ya siku 30, salio lote la mkopo huo huhesabiwa kuwa hatarini. Wakopeshaji wenye busara huweka kwenye programu kiasi kidogo cha kuvumiliwa ili pengo la sarafu lisimwangushe mteja mzuri. Mkopaji ana haki ya kuuliza kama kiasi hicho kipo.

Hata lugha ya pesa huchanganya. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha Januari 1, 2013, na iliyokuwa milioni moja ikawa K1,000. Sokoni, K1,000 bado huitwa "pin". Maelewano ya mdomo yenye pin mbili na nusu yaandikwe kwa tarakimu, K2,500, kabla boti haijaondoka.

Walivyokwama Nairobi na Thika

Tatizo hili halikuanzia Mweru. Liko kwenye mizizi ya M-Pesa yenyewe. Mwaka 2005, kabla Wakenya hawajaijua M-Pesa ya kutumiana pesa, Vodafone na Safaricom waliijaribu kwa kazi moja: wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya walipe marejesho kwa simu. Jaribio lilifanyika Nairobi na Thika kwa wateja mia kadhaa, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza.

Simu zilifanya kazi. Kilichosumbua ni vitabu. Kumbukumbu za Faulu zilikuwa zimejengwa juu ya vikundi na karatasi, na hazikuwa na njia ya kupokea miamala ya simu moja kwa moja, kwa hiyo ilibidi watu wakae walinganishe kwa mkono. Mikutano ya vikundi nayo, ambayo ndiyo iliyowabana wanachama walipe, ilianza kulegea kwa kuwa mtu angeweza kulipa bila kuhudhuria. Wakati huo huo wateja walikuwa wamegundua matumizi yao wenyewe: kununua muda wa maongezi na kutumiana pesa. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilitangazwa kuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Marejesho ya mikopo yaliwekwa kando kwanza.

Yalirudi baadaye kwa wakopeshaji waliojenga vitabu vyao upya. Musoni ilianza Kenya mwaka 2010 ikitoa mikopo na kupokea marejesho yote kwa simu bila noti, na programu yake ilijengwa juu ya Mifos, programu huria iliyoanzishwa na Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo. Kutoka Mifos ikatokea Apache Fineract, ambayo taasisi yoyote inaweza kuitumia bila kununua leseni. Kinachogharimu ni mafundi, intaneti na nidhamu ya kulinganisha kila siku.

Tanzania inatoa somo jingine. Tangu mwaka 2017, mfumo wa serikali wa malipo, GePG, humpa kila mlipaji namba yake ya malipo kwa kila ankara. Anayelipa leseni ya biashara haandiki maelezo yoyote. Anaingiza namba, na namba inajua ni nani, analipia nini na kiasi gani, hata pesa ikitumwa na mtu mwingine. Mkopeshaji wa Nchelenge anayempa kila mkopo namba yake ya kudumu anaondoa sehemu kubwa ya makosa kabla hayajatokea. Shemeji wa Pweto akiwa na namba hiyo, jina lake halisumbui mtu.

Vikundi huhesabu kwa sauti

Wengi ziwani hawakopi kwa programu. Wanakopa kwenye vikundi vyao, vinavyoitwa benki za kijiji, au wanacheza chilimba, mchezo wa kupeana zamu ambao Kongo huitwa likelemba. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii, ndugu wa VIKOBA vya Tanzania, vilienea Afrika kutokana na mfano ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na pesa kuhesabiwa mbele ya wote.

Kikundi hufanya usuluhisho bila kuujua kwa jina hilo. Kila mkutano, salio la mkutano uliopita hutajwa kwa sauti, pesa za sandukuni zinahesabiwa, na tofauti yoyote inatafutwa kabla watu hawajaondoka. Kosa la leo halilali.

Kikundi kinapokopa nje, mambo hubadilika. Mweka hazina hutuma K3,000 za watu watano kwa mkupuo mmoja. Ikiwa orodha ya nani ametoa ngapi haikufika siku hiyo, programu hugawa kwa namna iliyopangiwa, na aliyetoa zaidi anaweza kuonekana sawa na aliyekosa. Ugomvi unaofuata ndani ya kikundi huwa mkubwa kuliko deni lenyewe.

Anayeshindwa huku na kule huishia kwenye kaloba, mikopo ya mtaani ya riba kubwa ambayo Watanzania huiita kausha damu. Mwenye kaloba hana leja ya kulinganisha. Ana daftari lake, na mara nyingi ameshika kadi ya benki au kitambulisho cha mdaiwa. Mfanyabiashara aliyefungiwa mkopo wa asilimia ndogo kwa sababu ya K600 zisizo na jina anaweza kujikuta analipa nusu ya alichokopa kama riba ya mwezi mmoja. Hiyo ndiyo bei ya mwisho ya kosa la karani.

Haki ipo, ushahidi ni wa mkopaji

Zambia ina Sheria ya Taarifa za Mikopo ya mwaka 2018, inayosimamia namna historia ya mkopaji inavyokusanywa na kutolewa, na inayompa mhusika nafasi ya kuona taarifa zake na kupinga zisizo sahihi. Jambo hili ni zito kwa sababu kosa la ofisi moja likishapelekwa kwenye kumbukumbu za mikopo, humfuata mtu kwa wakopeshaji wengine. Malalamiko huanzia kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi. Yasipopata jibu, taasisi zenye leseni ya Benki ya Zambia zinaweza kushtakiwa huko, na tume ya ushindani na ulinzi wa walaji, CCPC, hupokea malalamiko ya wateja.

Lakini ofisi zote hizo zitauliza swali lile lile: ushahidi uko wapi? Simu ikitumbukia ziwani na meseji zimezama. Kwa hiyo kila namba ya muamala inakiliwe kwenye daftari siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Kwa namba hiyo peke yake, karani anaweza kuipata pesa kwenye taarifa ya kampuni ya simu kwa dakika chache. Bila hiyo, anatafuta K600 moja kati ya mamia ya K600.

Mkopaji aliyelipiwa na mtu mwingine amjulishe afisa mikopo siku hiyo, si mwezi unaofuata. Anayempa afisa noti mkononi asiondoke bila risiti yenye namba, hata kama wanafahamiana tangu shule. Na kila baada ya wiki nne aombe taarifa ya mkopo iliyochapwa, ailinganishe na daftari lake mstari kwa mstari: nimelipa lini, imeingizwa lini, imekwenda kwenye faini, riba au mtaji.

Wakopeshaji nao wana lao. Akaunti ya kusubiria ikaguliwe kila siku, na pesa isiyotambuliwa itafutiwe mwenyewe kwa kuipigia namba iliyotuma. Faini isimame wakati malalamiko yanachunguzwa. Ratiba ya mkopo wa mvuvi au mchuuzi wa samaki ijue kuwa Desemba, Januari na Februari hazina mavuno. Programu hufuata inachoambiwa. Ikiambiwa kila wiki ni sawa, itapiga faini wakati nyavu zimekunjwa kwa amri ya serikali yenyewe.

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hayo kabla ya simu na kompyuta, na daftari lenyewe bado linauzwa kwenye vibanda vya Kashikishi. Mwenye mkopo unaoisha mwaka huu ana wiki chache za kwenda dirishani, kuomba taarifa yake na kudai barua ya kumaliza deni. Machi 1 boti zitakapotoka, wanunuzi kutoka pande zote mbili za ziwa watakuwa wamesimama ufukweni, na samaki atamchukua mwenye pesa mkononi.